Kaya Yenye Uwezo

Kwetu Kilema watu wanajenga nyumba za kulala wiki mbili. Ukipanda kutoka barabara kubwa utaziona ndani ya migomba, vigae vyekundu, nguzo mbele, geti la chuma, na ndani hakuna mtu. Wenyewe wako Dar, wako Arusha, wako Mwanza. Wanakuja Desemba, wanachinja, wanakunywa, wanapaka rangi makaburi ya wazee, wanaondoka. Miezi yote iliyobaki nyumba inalindwa na kizee mmoja na popo. Ya kwetu tunailinda mama mkwe wangu na mimi.

Ni nyumba ya shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Mimi naishi nyuma yake, kwenye vyumba viwili alivyojenga mume wangu kabla hajaenda Mirerani kuchimba madini. Alisema anakwenda miezi michache. Sijafiwa, sijaachwa, hata sijui nijiite nani. Mwanzoni nilikuwa nampigia simu, baadaye namba ikawa ya mtu mwingine, mwanamke mpole wa Babati aliyenionea huruma akanishauri nisali. Mume wangu aliniachia binti aliyekuwa hajaanza kutambaa, na migomba kwenye kihamba, shamba la ukoo ambalo kwa mila si langu wala si la mtoto wa kike.

Kazi yangu ni ndizi. Nanunua mikungu kwa majirani, nashusha Kiboriloni siku za soko, jioni narudi na chumvi, sukari na mafuta ya taa. Mama mkwe asingeweza kukaa na mtoto, macho yake yameingia ukungu, anamwita kuku akidhani ni mjukuu. Basi nilikuwa nashuka na mtoto. Alipokuwa wa mgongoni haikuwa shida. Shida ilianza alipojua kutembea.

Siku moja nikampoteza. Niligeuka kumhesabia mteja ndizi, nikageuka tena, mtoto hayupo. Nilikimbia soko lile lote, nikapita kwenye nyanya, kwenye viatu, nikatoka hadi barabarani ambako malori yanapita, nikarudi, nikaanza upya. Watu walikuwa wananiuliza kavaa nini na mimi nilikuwa nimesahau kavaa nini. Mwisho alipatikana amelala kwenye rundo la mapazia ya mitumba, kidole mdomoni, mwenye mali hana habari. Nilimchapa. Nilimchapa kwa hofu, halafu nikakaa chini nikalia pamoja naye, wateja wanapita.

Kwa hiyo kijiji kilipoamua kujenga kituo cha kulelea watoto mchana, mimi nilikuwa wa kwanza kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Mpango ulikuwa nguvu zitoke kwetu, halmashauri ilete mabati, iwalipe walezi, ilete na unga wa uji. Nilibeba mchanga kwa kichwa kutoka mtoni mpaka shingo ikakataa kugeuka. Wale wenye watoto mijini waliombwa wawaandikie wachangie. Shemeji akatuma saruji. Ilitangazwa kanisani, watu wakapiga makofi, mama mkwe akasimama kwenye benchi kupokea shukrani utadhani aliisaga yeye mwenyewe.

Kituo kikaisha, na jamani kilikuwa kizuri. Sakafu safi, magodoro madogo, choo cha kimo cha watoto. Uzuri wenyewe ndio ukaleta maneno. Watoto walikuwa wengi kuliko nafasi, na asubuhi ya kwanza magari mawili yalisimama pale getini. Moja lilikuwa la mama mwenye duka la dawa pale senta. Yule ana nyumba mtaa wa Soweto mjini, ana nyingine hapa kwetu, na mumewe ana kazi ya maana.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Afisa maendeleo akapanda kutoka mjini, binti mdogo tu, mwenye adabu, akaweka swali mezani: huu msaada wa serikali apewe kila mzazi, au wenye uwezo wakae pembeni wapishe wasio nacho? Mama wa duka la dawa akasimama wa kwanza.

"Mimi nalipa kodi," alisema. "Barabara ya lami napita mimi, mnapita na ninyi, hakuna anayesimamishwa aulizwe mshahara. Kwa nini kwenye mtoto ndiyo nipimwe? Halafu mkishatuondoa sisi, siku unga usipokuja, nani kati yenu atapiga simu halmashauri asikilizwe?"

Watu wakaguna. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikasimama. Nikamwambia dada yangu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wewe ukikosa nafasi hapa unaagiza msichana kutoka Singida, Jumatatu yuko jikoni kwako. Mimi nikikosa, mwanangu analala kwenye mitumba. Gari lako lipange foleni moja na kikapu changu cha ndizi, ndiyo haki hiyo? Mkutano ulicheka, wanawake wakapiga vigelegele, na mikono ilipoinuliwa wangu ulikuwa juu kuliko yote. Ikapita kwamba kituo ni cha wasio na uwezo, na kamati itapita nyumba kwa nyumba kujionea. Siku ile nilirudi nyumbani naimba.

Kamati ilikuja asubuhi, mimi nimeshuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Walikuwa watatu: mwenyekiti wa kijiji, yule afisa, na mzee mmoja wa kanisa. Sasa, kwetu mgeni wa heshima akifika humpitishi uani. Mama mkwe akavua ufunguo anaouvaa shingoni, akafungua sebule ya shemeji, sebule ambayo mimi naingia kufagia tu, akaondoa plastiki kwenye makochi, akatoa soda zilizobaki Krismasi. Niliporudi na mzigo wa majani kichwani niliwakuta wamezama kwenye makochi, chupa mkononi, mbele yao runinga pana kama mlango.

"Mama," mwenyekiti alikuwa anamwuliza, "hapa ninyi nani anawatunza?"

Mama mkwe alikaa wima. "Mwanangu wa kwanza. Hajawahi kutuacha."

Nilisimama mlangoni na majani yangu, maji yanachuruzika kwenye vigae. Chumvi ya nyumba ile naleta mimi. Dawa za presha za mama nanunua mimi, kwa ndizi. Shemeji tunamwona Desemba, na tangu ile saruji hata simu ilikuwa adimu. Mama alijua, na alijua kwamba mimi najua. Lakini mama gani atamwambia mwenyekiti, mzee wa kanisa akiwa anasikiliza, kwamba mwana aliyepigiwa makofi madhabahuni hakumbuki sukari? Nilimkasirikia hadi masikio yakawaka moto, na papo hapo nikamwelewa.

"Mimi siishi humu," nikasema. "Naishi kule nyuma."

Mwenyekiti akacheka, bila ubaya. "Kule kwako nyuma kuna bomba la maji. Kwangu hata mbele halipo."

Wote wakacheka, afisa naye akatabasamu. Mama mkwe alinigeuzia yale macho yake ya ukungu, akasubiri. Neno moja tu lingetosha. Ningesema huyu mwanao hatutunzi, binti yangu angepata godoro lake na uji wake. Na mama angebaki kwenye lile kochi hana pa kuficha uso. Nikasema nakwenda kumlisha ng'ombe.

Jumapili majina yakasomwa baada ya misa. Langu halikuwemo. La mama wa duka la dawa halikuwemo pia, kwa hiyo tulitoka kanisani pamoja, watu wawili wenye uwezo. Nilidhani atanicheka. Angenicheka ningejua la kumjibu. Alisema tu, "Pole mwaya. Siku ile uliongea vizuri." Wiki haikuisha nikamwona msichana mgeni anamsukuma mtoto wa yule mama kwenye baiskeli pale senta. Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Mimi nilirudi Kiboriloni na mtoto, nikamfunga kanga kiunoni na ncha nyingine nikaifunga mguuni kwangu. Watu walikuwa wanapita wanaangalia. Waangalie tu.

Sikukata tamaa mara moja. Nilikwenda mjini ofisini kwa yule afisa. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. "Mama, sisi tunaangalia kaya," alisema. "Kaya yenu ina mtu mwenye uwezo. Labda yeye mwenyewe atuambie kwamba hawatunzi ninyi, hapo tutawafikiria." Nikatoka nje, nikasimama chini ya mti, nikampigia shemeji. Nilipanga maneno yangu kwa heshima zote. Sikumlaumu. Nilimwomba tu aseme kwamba mimi na mwanangu tunajitegemea.

Aliniacha nimalize, ndipo akajibu.

"Shemeji, kwa hiyo nitangazwe tena kanisani, safari hii kwamba watu wangu ni ombaomba?" Halafu akalainika, na hapo ndipo niliogopa. "Damu ya mdogo wangu hailelewi na serikali mimi nikiwa hai. Subiri nije."

Alikuja Desemba na magari mawili. Akachinja mbuzi, mbege ikanywewa, na ilipofika siku ya kikao cha ukoo niliitwa nikae karibu na mlango. Hakuna aliyepaza sauti. Shemeji alieleza kwamba Dar kuna shule yenye basi linalowafuata watoto mlangoni, kuna bembea, kuna Kiingereza, na mkewe yupo. Alikuwa anasema kweli, tena nadhani alikuwa na nia njema, na nia njema ya mwenye nacho ni kitu kigumu sana kukikataa. Wazee wakasema mtoto ni wa ukoo. Mama mkwe alilia kimyakimya, akijifuta kwa pembe ya kitenge. Mwisho wakaniuliza kama nina la kusema.

Mimi, mwenye mdomo usio na breki. Niseme nini? Niseme abaki tufungane kanga? Nikasema nashukuru. Nikaenda kukunja nguo zake, zikaenea kwenye mfuko mmoja wa rambo. Yeye alikuwa na furaha, alitaka akae dirishani, alinipungia mkono mpaka gari likakata kona. Alidhani anakwenda kutembea.

Tangu hapo biashara yangu inakwenda vizuri. Nashuka mikono mitupu, nauza mpaka jioni, sina wa kumtafuta. Kila asubuhi napita pale kituoni, nasikia watoto wanaimba, nakaza mwendo. Mvua za masika zilizofuata ziling'oa mfereji wa maji wa bati la nyuma la kituo na mpaka leo haujarudishwa. Unga nao ulikatika muda fulani, na kweli hakupatikana wa kupiga simu akasikilizwa.

Watu wananiuliza, kwa kuwa wanaukumbuka mdomo wangu, kama bado nasema yale yale. Sijui. Bado inaniuma kuona mwenye gari akilishiwa mwanawe uji wa serikali, na siwezi kujifanya hainiumi. Lakini nimeona pia wanavyopima. Hawapimi mfuko, wanapima vigae. Wanamwuliza bibi kizee aseme umaskini wake mbele ya wageni, na asiposema, wanaandika kwamba ameshiba. Kituo kingekuwa cha wote, yule mama wa dawa angemleta wake, mimi ningemleta wangu, tungesukumana kwenye foleni tukatukanana, na asingekuwepo mtu wa kuja kuangalia makochi. Ningevumilia gari lake. Leo ningevumilia magari ya kijiji kizima.

Desemba iliyofuata nilifagia ile nyumba siku kadhaa. Nikafua mapazia, nikapika mtori, nikavaa gauni langu la kanisani tangu asubuhi. Magari yakaingia mchana. Milango ikafunguliwa, wakashuka watoto wa shemeji, wamerefuka, na nyuma yao akashuka mwanangu. Alikuwa amesukwa nywele, viatu vyeupe, amenenepa vizuri. Nilitaka kukimbia nimnyanyue, lakini watoto walikuwa wameshajipanga kwenye ngazi kuamkia, kama mama yao alivyowazoeza. Watoto wa shemeji mimi wananiita mama mdogo, na ndivyo inavyotakiwa, mimi ni mke wa mdogo wa baba yao. Wakaamkia mmoja mmoja, nikawaitikia.

Wangu alikuwa wa mwisho. Alinitazama, akawatazama wenzake ahakikishe, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," nikamwitikia, nikachukua begi lake nikalipeleka ndani, kwenye nyumba kubwa.