Karafuu Ndani ya Mashine ya Chai

Juzi asubuhi mashine mpya ya chai iligoma katika duka moja pale Konde. Ukibonyeza kitufe inanguruma, inatoa matone mawili matatu, basi. Wateja tumesimama na vikombe mikononi kama wagonjwa wanaosubiri dawa.

Fundi aliyeitwa akaifungua, akachomoa mpira wa maji moto, akaupuliza kwa nguvu. Kikaruka kitu cheusi, kikatua mezani. Karafuu, imevimba.

"Nani katia karafuu kwenye tangi?"

Bi mwenye duka akajitanda upya mtandio wake.

"Mie, mwanangu. Chai ya mashine hii haina harufu. Niwauzie watu maji ya rangi, mie?"

Fundi akasafisha tangi, akarudisha mpira, akajaza kikombe, akaonja. Akaongeza kipimo cha majani, akaonja tena, akakunja uso. Kisha akatoka nje, kwenye jamvi la karafuu zilizoanikwa, akachukua moja, akaidondosha kikombeni mwake.

"Humu, Bi. Si mle."

Leo kando ya mashine pana kisahani cha karafuu. Walioiunda mashine, nadhani, walikisahau tu kisahani hicho.