Mkutano wa Kuchagua Maskini

Sabina alipomaliza shahada ya sera za jamii, baba zake wadogo walimwona kama mkuu wa wilaya mtarajiwa. Wasichojua, naye hakuwa na moyo wa kuwaambia, ni kwamba nchi ina sera nyingi kuliko ajira za kuzisimamia. Alizunguka kisiwa cha Rukuba akiwahoji wavuvi kwa ajili ya utafiti wa mtu mwingine, akauza vocha stendi ya Bunda, mwisho akaangukia kujitolea kwenye shirika moja hapohapo mjini. Kujitolea ni kuchemsha chai na kuandika ripoti, kisha bosi wake, Paschal, anazitia sahihi yake.

Ndipo ukaja mradi wa kusaidia kaya maskini vijijini Butiama, na nafasi moja ya afisa, yenye mshahara. Paschal alimwambia Sabina kwamba nafasi ni yake akionyesha msimamo, maana ofisi imechoka na watu wanaojaza ndugu zao kwenye misaada. Akampangia kusimamia mkutano wa kwanza, tena kijijini kwao.

Kaya maskini zinachaguliwa hadharani. Mwenyekiti anataja jina, watu wanasema anastahili au hastahili, na mwenye jina yupo palepale chini amekaa, anasikiliza umaskini wake ukijadiliwa. Lilipotajwa jina la Kwangu, mjane ambaye ng'ombe wake wote waliishia kwenye ada ya chuo, mikono yote ilinyooka. Hata wale wabishi wa kila mkutano hawakuwa na neno. Kwangu ndiye mama yake Sabina.

Paschal alikuwa amesimama pembeni, macho kwa Sabina. Sabina alijiambia kwamba mshahara wake ungemtunza mama vizuri kuliko msaada wowote. Akasimama.

"Huyu ana mtoto msomi," alisema. "Jina lake likatwe."

Mama yake alijifunga upya khanga, akainuka, akaondoka taratibu bila kumwangalia mtu. Jina likakatwa na mkutano ukaendelea.

Nafasi ile alipewa Gody, kijana kutoka Musoma. Sabina alipata habari akiwa anammiminia Paschal chai, na alipouliza kosa lake, bosi hakuona hata haya.

"Dada, umemkata mama yako mbele za watu," alisema. "Mwananchi gani atakufungulia mlango?"

Sabina alipanda gari kurudi kijijini akiwa amejaa aibu, nia yake moja tu: kumpigia mama magoti. Alimkuta jikoni anasonga ugali. Kuku wake wa mwisho alikuwa tayari kwenye sufuria.

"Kaa, mwanangu," mama alisema, uso umemchangamka. "Walikuwaga wananisema hapa, eti nimeuza ng'ombe kwa ajili ya karatasi. Nimewaambia mwanangu hawezi kunikata bure, kazi ameshapata. Jirani ameniletea unga nikamrudishia. Si tutanunua wetu?"

Sabina alitaka kusema ukweli. Lakini magoti aliyokuja kuyapiga yakagoma kukunjika.

"Unaanza lini?" mama aliuliza, akimsogezea bakuli la mapaja yote mawili.

"Jumatatu," Sabina alijibu, akanawa mikono.