Sekunde Sita za Mama Kesho

Jina la Mama Kesho nililibuni mimi, na sioni aibu kusema. Ukimpelekea redio ukamuuliza itakuwa tayari lini, atapandisha miwani, ataitikisa karibu na sikio, kisha atakujibu, "Kesho." Kesho yake ukirudi, jibu ni lilelile. Miaka ishirini na miwili amekaa chumba kinachopakana na saluni yangu, akilehemu nyaya, rafu zimejaa redio zilizoachwa tumbo wazi.

Mimi nilikitaka kile chumba. Saluni yangu ina televisheni ukutani, na siku ya mechi watu hujaa mpaka ninashindwa kuzungusha kiti. Ukuta ule ukibomolewa, nina ukumbi. Nilimnong'oneza mwenye nyumba hivyo, tena si mara moja. Wala hakunipa kazi kumshawishi, maana naye alikuwa na kinyongo chake: redio ya marehemu baba yake ilikuwa kwa Mama Kesho mwaka wa pili sasa.

Basi siku timu yetu inacheza, alikuja saluni akamwita Mama Kesho, akampasulia mbele ya watu wote.

"Mama, mwisho wa mwezi uniachie chumba. Redio zimepitwa na wakati. Siku hizi mambo tunayaona yakitokea, hapohapo."

Mama Kesho alirudi kwake. Punde akaja tena na kikapu, akavuta benchi akakaa, kitambaa cha kichwani kimeshuka mpaka masikioni.

"Na nikikuambia goli kabla televisheni haijalionyesha?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenye nyumba alicheka mpaka akashika ukuta. "Ukiweza hilo, kaa mpaka uzeeke!"

"Nimeshazeeka, baba. Mimi nataka mpaka nife."

"Haya, mpaka ufe."

Dakika ya thelathini, mpira ungali katikati ya uwanja, Mama Kesho akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Goli. Letu. La kichwa." Tukamtazama kwa huruma. Nilihesabu kwa dhihaka, moja, mbili, tatu. Nilipofika sita, krosi ilikuwa imeshapigwa, kichwa kimeshagonga, mpira umo wavuni. Hakuna aliyeshangilia.

Kipindi cha pili akatuarifu kwamba penalti imepaa juu ya mwamba. Mpigaji tuliyemwona sisi alikuwa bado anaupanga mpira. Akapiga, ukapaa. Mteja niliyemnyoa nusu kichwa aliinuka na taulo shingoni, akatoka zake nje.

"Huyu mama ana mambo yake!" Mwenye nyumba alikuwa akitiririka jasho. "Sikai naye nyumba moja. Atoke leo hii!"

Hapo ndipo nilipomwona Mama Kesho akibabaika. Ujanja wake ulikuwa umemponza. Akavua kitambaa haraka, akachomoa spika ndogo sikioni. Waya wake uliingia kikapuni.

"Ni redio tu, jamani! Mtangazaji yuko uwanjani, hapahapa mjini. Wimbi la redio linakwenda kilomita laki tatu kwa sekunde moja. Lingeweza kuizunguka dunia mara saba hujamaliza kupiga chafya."

"Kumbe picha ndiyo goigoi," nikasema.

"Hapana. Picha nayo inaletwa na wimbi la redio, mbio zilezile. Ila inapandishwa kwenye setilaiti, inashushwa, na kuna mashine za kuifunga na kuifungua kama furushi. Wimbi halina kosa. Anayechelewesha ni wa katikati."

Mwenye nyumba alishusha pumzi, lakini hakutaka kuondoka mikono mitupu. "Mbio tumezisikia. Mbona redio ya baba yangu mwaka wa pili haijatoka?"

Mama Kesho akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na redio ya kahawia yenye ufa pembeni, bado inatangaza mechi. Mwenye nyumba aliitambua kabla hajaigusa. Aliibeba kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, na machozi yakamlengalenga. Mimi nikashika ufagio, nikaanza kufagia.

"Ilipona mwezi uleule ulioileta," Mama Kesho akamwambia. "Nilikutumia salamu uje uichukue. Mara tatu."

"Salamu? Ulimpa nani?"

Nilisahau. Sawa, ile ya kwanza ndiyo niliyoisahau.

Mama Kesho hakunitaja. Alielekeza tu miwani upande wangu, na saluni nzima ikageuka pamoja naye.

Chumba ni chake mpaka leo, na ukuta uko palepale. Mimi watu hawaniiti tena kinyozi. Wananiita Setilaiti. Mama Kesho ndiye aliyelibuni, na jioni ile, kabla sijafunga saluni, lilikuwa limeshaenea mtaa mzima.