Kadi ya Mama Mdogo

Wiki iliyopita simu yangu ilinikumbusha nimtakie heri ya kuzaliwa rafiki yangu ambaye tulimzika mwaka juzi. Picha yake ikaja, anacheka, na chini yake pameachwa nafasi ya kuandika ujumbe. Nilikuwa nyumbani hapa Korogwe, nachambua mchele. Nikaifunika simu mezani. Mtoto wa mdogo wangu alipoona hivyo akaniambia, "Mama mkubwa, hiyo mashine tu, haijui nani kafa." Ni kweli. Mimi si mtu wa kuzichukia mashine. Simu hii hunisomea habari, hunionyesha harusi za watu nisiowajua, nami nafurahi. Lakini hayo ya kwamba mashine haijui nilishajiambia zamani mbele ya redio, na hayakunisaidia kitu.

Nilikulia kwa bibi, Mnyuzi, karibu na reli. Asubuhi tulipalilia, mchana tulikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa mboga ya mchunga iliyochemshwa ikabaki na uchungu wake, na jioni tulisikiliza redio. Siku hizi mtu akikuuliza unapendelea nini, anataka umtajie mpira au filamu. Mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, angejibu bila kusita: kutuma salamu. Bila shaka unazikumbuka kadi zile. Ulinunua dukani, ukajaza majina ya unaowasalimia, ukatia posta, kisha ukangoja mtangazaji aisome. Mama mdogo aliziandika kwa kalamu nyekundu, amelala mkekani, akijicheka mwenyewe. Aliwasalimia watu wa Kerenge na Kwashemshi ambao hajawahi kuonana nao, na wao wakamrudishia hewani. Kila kadi ilianza na bibi. Jina lake mwenyewe likisomwa, mama mdogo alitazama chini kama bibi harusi.

Ijumaa moja alinipa kadi nikaitie posta, maana Jumamosi nilikuwa nakwenda Korogwe na mjomba kuuza machungwa. Nikaichomeka ndani ya daftari la hesabu. Machungwa yakaisha mapema, tukarudi, nikasahau. Wiki iliyofuata mama mdogo akashikwa na homa. Siku ya tatu akafariki.

Baada ya mazishi mjomba alituonya: "Aliyetangulia akitajwa ovyo hugeuka njiani." Tukaacha kulitaja jina. Nguo zake zikagawiwa, mkeka wake ukakunjwa. Ikibidi tulisema "yule." Bibi alikula matonge mawili tu, akanawa.

Ile kadi niliikuta siku nilipofungua daftari. Mwalimu wa madrasa alikuwa ametufundisha kwamba amana ya marehemu ni nzito kuliko jiwe la kusagia, kwa hiyo sikuthubutu kuichana, wala kumwambia mtu. Jumamosi iliyofuata nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta, nikaona nimeutua mzigo. Akili yangu ya darasa la tano haikuwaza kwamba itasomwa.

Ilisomwa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, bibi anamenya muhogo, mjomba ananoa panga, jirani amekuja kuomba moto. Mtangazaji akataja jina lake lote, la kwake na la baba yake, akaendelea kwa furaha: "Wa Mnyuzi, Korogwe. Anasema yeye hajambo, na anamwamkia mama yake mzazi, shikamoo mama. Ujumbe wake: umbali si hoja, tutaonana tu."

Jirani aliangusha kijinga cha moto. Mjomba akainuka aizime redio.

"Iache," bibi alisema. Akaigeukia ile redio, kisu bado mkononi, akaitikia taratibu, "Marahaba, mwanangu."

Mjomba alitaka redio itoke nyumbani. Mwalimu wa madrasa akaitwa, akasoma dua pembe zote nne. Jirani akaacha kuja kuomba moto. Mimi sikwenda tena chooni peke yangu, hata mchana. Bibi ndiye aliyeanza kula tena vizuri. Kila jioni aliketi mbele ya redio akingoja, na betri zikichoka alizianika juani.

Kungoja kule kulinitesa kuliko hofu. Mwezi ulipopita, tukiwa wawili shambani, nikamwambia: "Bibi, ile kadi niliituma mimi. Nilikuwa nimeisahau kwenye daftari. Hakuna nyingine."

Alipalilia mpaka mwisho wa mstari. "Mjukuu wangu, unadhani sijui posta? Nilijua ni kadi ya nyuma."

"Sasa unangoja nini?"

"Nangoja jina. Humu ndani mmelificha kama kitu cha wizi. Yule mtu wa redio ndiye pekee aliyelisema vizuri." Akaegemea jembe. "Basi lisome wewe, kama yeye."

Nikalisoma, hapo katikati ya mahindi, kwa sauti nzito ya utangazaji, naogopa kutazama nyuma. Bibi akaitikia. Tangu hapo tulifanya hivyo kila jioni mjomba asipokuwepo. Sikuzoea. Kila alipokwisha kuitikia kulikuwa na ukimya fulani, kama wa mtu aliyesimama mlangoni hajakaribishwa.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari Handeni, nilimwuliza nani atamsomea. "Nenda kasome," alinijibu, basi.

Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Msibani jirani alinivuta kando. "Miaka hii yote," alisema, "saa ya salamu ikifika tulisikia mwanamume anaongea jikoni kwa bibi yako, anamtaja marehemu. Siku moja nikaenda kuchungulia. Alikuwa peke yake. Anatangaza, halafu anaitikia kwa sauti yake."

"Ukafanya nini?"

"Mwanzo niliziba masikio. Baadaye, nikiwa kwangu, nikawa naitikia na mimi."

Kadi zile hazipo tena madukani. Mtangazaji sijui yuko wapi. Nyumba ilianguka masika fulani, mjomba akapanda michungwa mpaka palipokuwa na jiko, kisha naye akatangulia. Jirani hayupo. Wadogo zangu wanajua tu kwamba tuliwahi kuwa na mama mdogo aliyekufa kijana. Wa kulisema jina lile nimebaki mimi, na ni miaka sijalitamka. Hata wewe nimekuzungusha tangu mwanzo bila kukutajia. Hayo ya kugeuka njiani nilishaacha kuyaamini. Ninachoogopa sasa ni kulitamka kwa sauti, halafu nisikie hakuna anayeitikia.