Mtungi wa Njano Bwawani

Kiangazi kilichopita niligeuka mtu asiyeweza kuketi. Nilikunywa chai nikiwa nimesimama dirishani, macho yakitafuta wingu upande wa Kaptagat. Nilitoka kanisani kabla ya matangazo. Nilimkatiza mke wangu katikati ya maneno nimuulize kama amesikia ngurumo.

"Uliuliza hata jana," aliniambia. "Mimi si mtu wa hali ya hewa."

Nilikuwa nimesanifu pampu na mfumo wa kunyunyizia maji wa uwanja mmoja wa gofu nje kidogo ya mji, na hicho ndicho kilikuwa kiangazi chake cha kwanza. Nililelewa upande wa Soy, kwenye shamba la mahindi, ambako nyasi ya kutambaa ni adui wa kung'olewa kwa jembe. Sasa, nikiwa na shahada na mvi kichwani, kazi yangu ilikuwa kuinywesha. Jambo hilo halikuniumiza hasa. Lilinikaa tu kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Kilichoniumiza kilikuwa bwawa. Bwawa la uwanja huo limeziba kijito, na chini ya ukuta wake anaishi mama mmoja anayefuga ng'ombe wa maziwa. Kijito hicho ndicho hori lao. Mwezi wa pili hawana pengine pa kunywa. Siku ya kwanza nilipofika kupima kina, alipanda ukutani na fimbo yake mkononi.

"Ni wewe unaleta mashini ya kunyonya mto?"

"Ni mimi, Mama. Lakini maji ya ng'ombe yatapita."

"Kila mtu husema yatapita. Mwezi wa pili wewe utakuwa wapi?"

Nilimjibu kwa kuchora. Mdomo wa bomba la kufyonza niliupachika kwenye nguzo ya zege, juu kiasi kutoka sakafu ya bwawa. Maji yakishuka hadi hapo, pampu hujizima yenyewe, na yaliyobaki chini hutoka polepole kwa bomba dogo lililopita chini ya ukuta, yakaingia kijitoni. Mwenyekiti wa klabu alitaka mdomo ushuke hadi chini kabisa. Nikampa sababu mbili za kukataa: ng'ombe wa jirani, na matope ambayo yangeharibu pampu. Aliitikia kwa kichwa. Sikujua kwamba alisikia ya matope tu.

Mwezi wa pili ulipofika, simu ililia.

"Injinia, pampu yako imekufa."

"Haijakufa, Mwenyekiti. Maji yamefika pale tulipokubaliana."

"Mashindano ni mwisho wa mwezi. Unataka wageni wacheze juu ya chapati?"

Nilisema ningefika kesho yake, lakini sikuweza kungoja. Mchana huohuo niliwasha gari. Kabla sijaliona bwawa nilisikia injini ndogo ya petroli. Katikati ya maji ulielea mtungi wa plastiki wa njano, na chini yake umefungwa mdomo wa mpira wa kuvutia maji kwa kamba ya manila. Hivyo ndivyo kila mkulima kutoka kwetu hadi Turbo anavyovuta maji ya kidimbwi: mtungi mtupu unaushikilia mdomo wa mpira usiguse matope, na maji yakishuka, unashuka nayo. Hata mimi nimefunga mingi ya namna hiyo. Ila katika michoro yangu yote, mtungi haukuwemo.

Msimamizi wa nyasi, mwanamume wa rika langu, alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya mashine, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi.

"Karibu, injinia. Ile shida yako ya matope tumeimaliza."

"Na bomba la ng'ombe?"

Alitazama ukutani. "Hilo limeanza kukohoa."

"Basi zima."

"Nikizima, mwenye kufutwa ni mimi. Wewe utaenda zako mjini."

Ilikuwa kweli. Nikainama, nikazima injini mwenyewe, kisha nikampigia mwenyekiti simu nikiwa palepale.

"Nani amezima?" akauliza.

"Mimi. Msimamizi wako alikataa."

"Hayo maji ni yetu. Tuko na kibali."

"Kibali ni cha kuchukua, Mwenyekiti, si cha kumaliza. Njia pana za nyasi kati ya mashimo ziache zikauke. Maji ya kisima cha klabu yatatosha zile grini, pale kwenye mashimo, kwa mpira wa maji ulioshikwa mkononi."

"Sawa. Lakini mashindano yakiharibika, ile sehemu ya pili ya kazi tuliyokuahidi usahau."

Mashindano hayakuharibika. Kwenye ardhi kavu mipira ilibingirika mbali kuliko kawaida, na nikasikia kwamba mwenyekiti alizunguka mezani jioni akisimulia pigo lake refu kuliko yote maishani. Sehemu ya pili alipewa injinia mwingine hata hivyo. Michoro yake ina mdomo wa kufyonza unaoelea juu ya boya. Ni ule mtungi wetu, umevaa tai.

Baada ya kupata habari hiyo nilishuka hadi kijitoni. Ng'ombe walikuwa wakinywa mmojammoja, kwa kuwa maji hayakutosha vichwa viwili kwa pamoja. Mama alikuwa akiwapanga kwa fimbo.

"Yamekuwa kidogo," alisema bila kunisalimu.

"Ndiyo, Mama."

"Lakini yapo." Alimsukuma ndama mbele. "Na mwaka ujao?"

Nikamweleza kuhusu boya, na kwamba kazi si yangu tena. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanielekeza kwa fimbo upande wa pili.

"Simama pale, uzuie yule mweusi. Ana haraka kama wewe."

Nilisimama pale, viatu vikizama taratibu kwenye tope, nikitazama maji na kungoja wa mwisho anywe.