Injini za Baba na Kuku wa Mtani

Baba yangu alikuwa kiziwi, na nyumbani kwetu Cheyo, mtaa wa Tabora, ilikuwa marufuku kulisema hilo. Ukitamka tu kwamba Baba hasikii, umekula kofi, na kofi lake lilikuwa la fundi, la mkono mgumu uliozoea spana. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima niliyekwisha kuolewa nikaachika, na makofi hayo nilikula. Sitafuti huruma ya mtu. Nataka mjue tu nilikuwa naishi na nani.

Masikio yake yaliliwa na injini za ndege. Alikaa Nairobi miaka mingi katika karakana ya shirika la ndege la Jumuiya ya Afrika Mashariki, kazi yake kuzijaribu injini za jeti zilizotoka kutengenezwa kabla hazijapandishwa angani. Jumuiya ilipovunjika alirudi Tabora kwa treni, na sanduku la spana, na hasira. Tabora ya wakati ule ingempa injini gani ya jeti? Tulikuwa na foleni ya sukari, na mikutano ya balozi wa nyumba kumi, na bibi yangu, mama yake Baba, aliyekuwa amelala chumba cha uani akisubiri siku yake.

Kisha tukapata habari kwamba shirika jipya huko Dar es Salaam linatafuta wajaribu injini, na mkubwa wa karakana yao ni mtu aliyefanya kazi na Baba kule Nairobi. Atakuja Tabora kukagua uwanja wa ndege, na atapita kwetu kuzungumza na Baba. Ala! Baba akafufuka. Akanyoa ndevu, akatia kanzu maji, akaniita jikoni.

"Wewe leo ni yeye," akasema. "Niulize."

Basi kila nikitoka shule nilikalishwa mbele ya jiko la mkaa, uso wangu kwenye mwanga, niulize maswali ambayo mgeni angeuliza. Baba alitazama midomo yangu. Alitaka ayazoee maswali yote kwa macho, ili siku yenyewe mgeni asigundue kitu. Nikitafuna maneno, au nikigeuza shingo kidogo, mpini wa pepeo la kuchochea moto unanishukia vidoleni. Nilifundisha watoto sitini darasani na hakuna aliyewahi kupigwa kama nilivyopigwa mimi mwalimu wao pale jikoni.

"Rubani akisukuma mkono wa mafuta, anafanya nini?" nauliza.

"Anaomba," anajibu. "Mjinga atakwambia anamwaga mafuta. Hamwagi kitu. Anaomba nguvu, basi. Wa kutoa ni gavana."

Gavana ni kisanduku cha chuma kilichobanwa ubavuni mwa injini, ndani kimejaa springi, vali na vyuma vidogo vinavyozunguka pamoja na mhimili. Injini ikienda mbio, vyuma vile vinatanuka na kubana njia ya mafuta. Ikipunguza mwendo, vinarudi na kuifungua. Kuna kifuko cha bati chembamba kinachopima msukumo wa hewa, na kingine kinachohisi joto lake. Kwa hiyo rubani akisema nipe zote, gavana kwanza anatazama: mhimili unazunguka kwa kasi gani, hewa iliyoingia ni kiasi gani, joto limefika wapi. Ndipo anatoa mafuta kidogo, anangoja mapangaboi ya mbele yakaze mwendo na kuvuta hewa zaidi, anaongeza tena kidogo. Rubani atukane atakavyo, gavana hasikii matusi.

"Na akitoa mafuta mengi kwa mara moja?"

Hapo Baba alinijibu kwa jiko. Aliniamuru niongeze mkaa, wote, upesi. Nikimwaga debe zima, moto unafunikwa, moshi unanivamia machoni, na mpini unashuka. "Umeua abiria!" ananguruma. "Mafuta yameizidi hewa. Tanuri limechemka, msukumo umejaa nyuma, mapangaboi yameshindwa kuusukuma, na hewa imegeuka inatokea mbele ilikoingilia. Wote wamekufa kwa sababu yako!" Siku nyingine aliniamuru niuondoe mkaa wote ghafla, moto ukafa, akanipiga kwa hilo nalo. Ukiyakata mafuta kwa pupa wakati upepo bado unavuma ndani, ule ulimi wa moto unapeperushwa na injini inazimika angani. Gavana anazuia yote mawili. Mimi sikuwa na wa kunizuilia kitu.

Nilimchukia. Lakini nilijifunza, na nilitaka apate kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote, kwa sababu akiipata angeondoka.

Bibi akafariki kabla mgeni hajaja. Na akifa Mnyamwezi, watani hawakosi. Wazee wetu walibeba meno ya tembo kutoka hapa hadi pwani, na Wazaramo wakawapokea kule mwisho wa safari, na tangu hapo sisi na wao ni watani: tunatukanana mpaka makaburini na hakuna ruhusa ya kukasirika. Wetu sisi alikuwa mama mmoja wa Kizaramo, muuza vitumbua, mke wa mtu wa reli, mnene, sauti kama honi ya treni. Siku ya maziko alivaa kanga ya marehemu akatembea kama Bibi, kiuno kimepinda, akimkaripia Baba mbele ya jeneza: "Mtoto mwenyewe huyu, michembe yangu ya viazi alinimalizia, dawa hakuninunulia!" Watu walicheka mpaka machozi ya msiba yakachanganyika na ya kicheko. Ndiyo desturi. Mtani akikuweza, unacheka, na unampa kuku. Akishapokea kuku wake, mambo yamekwisha, yalikuwa mchezo.

Mgeni wetu akaja siku ya arobaini ya Bibi. Uwanja wa ndege alishamaliza, kwa hiyo akaja na dereva wake kusoma khitma nasi. Baba alikuwa amepanga kila kitu. Mgeni akalishwe uani, upande wa mlango, mwanga umpige usoni. Mimi nikae mkekani ubavuni mwa Baba, katikati ya wanaume, kisingizio goti linamuuma na mimi ndiye wa kumwinua. Mtu wa pembeni akimsemesha, nimbonyeze mguu.

"Shikamoo, kaka mkubwa," mgeni alisema.

"Marahaba. Karibu kwenye umaskini wetu."

Dua ikapita, pilau ikaliwa, wakaingia kwenye injini. Wallahi, Baba alikuwa mzuri siku ile. Sijawahi kumwona vile, si kabla si baada. Mgeni akauliza habari za gavana, akajibu. Akauliza vile vidirisha vinavyofunguka kutoa hewa ya ziada injini ikiwa bado na mwendo mdogo, Baba akachora kwa kidole kwenye majivu ya chetezo. Wazee waliacha kutafuna wakamsikiliza. Nilihesabu ameshapanda treni ya Dar es Salaam.

"Na utajuaje hewa imegeuka, kabla mishale ya vipimo haijakwambia?" mgeni akauliza.

Baba akatabasamu. "Kwa mshindo. Inapiga kama bunduki. Mtu akiwa hata usingizini ataruka."

Mtani alikuwa amesimama nyuma yake. Sikumwona alivyoingia, kwa mtani hakuna upande wa wanaume. Alikuwa na sufuria kubwa tupu ya pilau mkono mmoja na mchi mkono wa pili, na macho yake yalikuwa yanacheka. Nilichelewa kumbonyeza Baba mguu. Akaipiga sufuria ile kwa nguvu zake zote, shubiri moja kutoka kisogoni kwa Baba.

Shehe alimwaga chai kwenye kanzu. Mgeni aliruka akashika kifua. Dereva alikwisha kusimama. Baba aliendelea kusema, kwa utulivu kabisa, jinsi ya kurudisha mkono wa mafuta polepole baada ya mshindo.

Uani kote kukalipuka kicheko. Baba akatutazama mmoja mmoja. Akafikiri ametoa hoja ya kuchekesha, akacheka naye. Loh, mpaka leo kicheko kile kinanichoma. Mtani akaipiga sufuria mara ya pili, ili waliokuwa nje nao wasipitwe, na Baba akazidi kucheka kwa sababu watu walizidi kucheka.

Mgeni hakucheka. Aliaga mapema, nikamsindikiza mpaka kwenye gari.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi sikio langu la kushoto halisikii kitu. Sisi wote tuliosimama karibu na injini zile ni viziwi, huyu kwa huku, yule kwa kule. Habari za baba yako nazijua tangu Nairobi. Nilikuja kumchukua, sikuja kumpima. Pale kwetu angekaa kwenye kiti cha ndani na mishale yake, na mtu aliyesimama chini karibu na injini angempa ishara kwa mikono, kama tulivyokuwa tukifanya."

"Basi mchukue!"

"Sasa? Mbele ya shehe, mbele ya mtaa mzima? Dereva wangu atafika na kisa hiki Dar es Salaam kabla sijavua viatu. Nikimwandika, kesho likitokea lolote wataniuliza kama nilijua. Mpaka jana ningeweza kusema sikujua." Akaingia garini. "Nifikishie pole kwa mzee."

Nilirudi uani. Wageni walikuwa bado wapo, wanakunywa chai. Baba alinisubiri amesimama, goti lote limepona, kofia imekaa vizuri.

"Kasema nini? Naanza lini?"

Ningeweza kumwambia kwa midomo tu, bila sauti, na asijue mtu mwingine. Macho yake yalinizoea kuliko mtu yeyote. Lakini mimi ni mtoto wa baba yangu. Mtani alikuwa pale karibu na banda la kuku anaosha sufuria yake huku anajichekea, na nilitaka lile jambo limwingie mpaka kwenye mifupa.

"Hukupata kazi!" nikapiga kelele, Cheyo nzima isikie. "Alijua husikii! Alikuja kukuchukua hivyo hivyo! Sasa hawezi, kwa sababu ya sufuria! Mtani alipiga sufuria nyuma ya kichwa chako, watu wote wakaruka isipokuwa wewe! Ndicho walichokuwa wanacheka!"

Hakuna kofi lililokuja. Baba aliitazama midomo yangu hata baada ya mimi kuifunga. Halafu akamgeukia mtani, na nikamwona anautafuta ule uso wa kucheka, anaupata, anauvaa. Akaenda bandani akamtoa kuku mwekundu, yule wa Bibi, mkubwa kuliko wote, akamshika miguu, akamnyooshea.

"Umeniweza, mtani wangu," akasema. "Chukua haki yako."

Mtani alikuwa ameketi chini na maji ya sabuni mikononi. Akatikisa kichwa.

"Chukua!"

"Sichukui, baba." Miaka yote alikuwa hamwiti baba, alikuwa anamwita mtumwa wangu. "Sikujua mgeni ni nani. Haki ya Mungu sikujua. Mimi nilikuwa nacheza."

"Kama ulikuwa unacheza, chukua kuku!"

Akaficha mikono nyuma, akaanza kulia. Wageni wakatazama chini. Baba alibaki amesimama mkono umenyooka, na yule kuku anapiga mbawa na kupiga makelele ya kufa, makelele ya kutoboa masikio, mpaka shehe akaziba ya kwake. Baba alikuwa anaitazama midomo ya mtani, akingoja.