Dada Daftari

Siku mchambua mashuka alipomwona mara ya kwanza, yule mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, mkoba kwapani, akihesabu mashine kwa kidole. Yeye hakukipenda kidole kile. Mkataba wake mwenyewe ulikuwa umebakiza miezi miwili, na msimamizi, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumpa mtu wa kumfundisha, alimwambia, "Huyu atakunja na wewe. Mwonyeshe kila kitu."

Kila kitu! Neno hilo alilijua. Mwaka juzi dereva wa gari la mashuka aliambiwa hivyohivyo, na mwezi uliofuata aliyefundishwa ndiye aliyeshika usukani.

Hapo zilifuliwa nguo za hospitali mbili. Asubuhi yeye aliyachambua mashuka kwa madoa kabla hayajaingia mashineni: damu huku, mafuta kule, kutu pembeni. Mchana walikunja. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama mkitazamana, mnalinyoosha, mnasogeleana hadi vidole vinagusana, kisha mnarudi nyuma. Kwa mtu mwenye haya kama yeye, ilikuwa adhabu. Akajifunza kumtazama kidevu tu.

Mama huyo aliongea bila kuulizwa. Analea watoto watatu wa marehemu dada yake. Alipiga mihuri kiwanda cha sabuni mwaka mmoja, akapika shuleni miezi minane, akafagia kituo cha mafuta mpaka kikauzwa. "Mimi kaka, mkataba wangu mrefu kuliko yote ni huu wa watoto," alisema, akacheka peke yake. Mchambua mashuka aliona ni chambo tu, ili naye afunguke.

Tena alikuwa na daftari. Kila wakati wa chai alikaa juu ya ndoo na kuandika. Wafuaji wakambandika jina la Dada Daftari.

"Dada Daftari, umeandika na chafya yangu?"

"Nimeandika. Na nimeandika kwamba hukuziba mdomo."

Wakaangua kicheko. Mchambua mashuka hakucheka. Kila Alhamisi mama huyo alinong'ona kidogo na msimamizi, kisha akaondoka mapema. Anapeleka habari gani?

"Baba watoto, huyo kaletwa kukurithi ungali hai," mke wake alimwambia. "Tafuta kwingine kabla hawajakutema."

Akaandika barua ya kuomba kazi. Aliirudia mara tatu, akaitia mfuko wa shati, akatembea nayo mpaka ikalegea kwa jasho. Kila alipofikiria kusimama mbele ya meza ya mtu asiyemjua, aliahirisha hadi kesho.

Siku moja mama akanyanyua shuka lenye doa hafifu, rangi ya waridi. "Na madoa haya, kaka? Haya ya dawa wanayopaka mgonjwa kabla ya kupasuliwa?"

Hilo ndilo doa lililomtofautisha yeye na wengine. Klorini ya kung'arisha ikiligusa tu, linageuka kahawia na halitoki tena, shuka linakuwa tambara. Alilijua baada ya kuharibu mashuka arobaini, mwaka wake wa kwanza.

"Klorini tu," alisema. "Kama mengine."

Mama akaandika. "Asante, kaka. Wengine wangeninyima."

Wiki ya mwisho msimamizi akamwita, akampa barua. Mwaka mmoja mwingine. Aliisoma mara mbili akitafuta mtego, hakuuona.

"Na yule dada?" aliuliza.

"Yule? Alikuwa anashikia nafasi ya mfuaji aliyekwenda kujifungua, leo anamaliza. Nilimwambia tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana Alhamisi nilikuwa namruhusu akatafute kazi."

Alimkuta akivua aproni. Mama hakungoja kuulizwa.

"Alhamisi iliyopita nilikuwa hospitali mpya, ile ya ng'ambo ya mto. Wanataka mchambua mashuka. Maswali yote nilijibu, daftari nililisoma mpaka likachanika. Mwisho wakanipa shuka lenye doa la waridi. Nikatia klorini mbele yao. Likawa kahawia kama chai."

Mchambua mashuka akavuta shuka, akaanza kulinyoosha peke yake.

"Labda niliandika vibaya," mama akasema, akimkazia macho.

Mashine iliyokuwa ikikausha ikasimama.

"Labda," alijibu.

Mama akakunja aproni, akaiweka juu ya rafu, akaning'iniza mkoba begani. Alipofika mlangoni akageuka.

"Bado hawajapata mtu, na mkataba wao ni miaka mitatu. Nenda wewe, kaka, kazi unaijua. Ila wakikuuliza, usiwaambie ni wewe uliyenifundisha."